UZA SURA, USIUZE ROHO: Mambo ya kuzingatia ukipigwa picha na pikipiki konani

NI nani asiyependa picha nzuri? Na ni mwendesha pikipiki gani, awe wa Temeke au wa Tennessee, asiyependa kujiona amelala na chombo chake konani, kofia ngumu inang'aa, jaketi limejaa upepo, utadhani yuko kwenye sinema? Tusidanganyane hapa. Pikipiki ni usafiri, kwa wengine ni ugali wa kila siku, lakini pikipiki pia ni mapozi.

Sasa kuna mahali duniani ambako mapozi hayo yamegeuka kuwa biashara kamili, watu wanalipana na kuondoka na risiti. Ni huko Marekani, kwenye barabara ya US 129, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina, pembeni ya milima ya Great Smoky. Wenyewe wanapaita Tail of the Dragon, yaani Mkia wa Joka.

Kipande chenyewe kifupi tu, maili 11, kama kilomita 18 hivi. Lakini kina kona 318! Chukua kalamu upige hesabu: ni kona moja kila baada ya mita 56. Aliyewahi kupanda Kitonga kule Iringa anaweza kupata mwanga kidogo, ila huku hakuna foleni ya malori ya Tunduma. Mwaka 2015 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku malori marefu kupita upande wake, maana yalikuwa yakikata kona yanajaa barabara nzima. Hakuna nyumba wala njia panda. Ni msitu, lami na kona.

Na kama wewe ni mtu wa filamu, eneo hilo umeshaliona bila kujua. Ukifuata barabara hiyo hiyo upande wa North Carolina unalikuta bwawa la Cheoah, ndipo ilipochukuliwa ile sehemu ya The Fugitive ya mwaka 1993 ambapo Harrison Ford anajirusha kwenye maji kuwakimbia polisi.

BIASHARA INAVYOKWENDA

Mpiga picha anafika asubuhi na kiti chake cha kukunja na mwavuli. Anatafuta kijinafasi kando ya kona, anatoa kamera yenye lenzi ndefu kama mchi wa kinu, anakaa. Kila anayepita anapigwa: pikipiki, gari, hata mzee wa watu na baiskeli yake. Hasimamishi mtu wala haulizi jina.

Jioni picha zote zinaingizwa kwenye intaneti, zimepangwa kwa tarehe na saa. Wewe unajitafuta mwenyewe. Ukijipata na ukijipenda, unalipia. Usipojipenda, unapita kimya kimya kama hukuwa wewe. Jina linalojulikana zaidi kwenye biashara hiyo pale ni Killboy, lakini wapo na wengine, na kila mmoja anaweka bango lake barabarani ili usiku ujue wa kumtafuta.

Enzi zile za filamu ya picha 36 biashara ya namna hii ingemfilisi mtu kabla ya saa sita mchana, maana kila picha ilikuwa na gharama ya kusafisha. Siku hizi kamera ni za dijitali, mtu anapiga maelfu kwa siku, na hata wakinunua wachache tu mkono unakwenda kinywani.

Hapo ndipo penye utamu, na hapo hapo ndipo penye sumu. Mtu ambaye maili nzima alikuwa anaendesha kistaarabu, akiiona ile lenzi tu anabadilika. Anavuta mafuta, anajilaza kupita kiasi, anapunga mkono, anakenua. Pale mwanzo wa barabara, sehemu inayoitwa Deals Gap, kuna mti maarufu unaoitwa Mti wa Aibu. Haukuzaa maembe. Umetundikwa vipande vya pikipiki zilizoanguka: saiti mira, matangi, makava, vingine vimeandikwa majina na tarehe. Hao ni waliobaki na uwezo wa kutundika. Wapo waliotolewa kwenye barabara ile wakiwa maiti.

Ndiyo maana safu hii leo inakuletea mambo ya kuzingatia. Wewe dada au kaka unayeota kwenda huko siku moja, yasome. Na wewe ambaye mpiga picha wako ni mshikaji mwenye simu pale kwenye kona ya mtaani, yasome pia, kwa sababu lami haijui kama kamera ni ya dola au ya shilingi.

1. MACHO YASIENDE KWENYE KAMERA

Hii ndiyo kanuni mama. Pikipiki inakwenda macho yanakokwenda. Ukilikazia macho shimo, unaingia shimoni. Ukiukazia macho mti, unaukumbatia. Walimu wa pikipiki kila mahali wanafundisha jambo hilo hilo: geuza kichwa, tazama unakotaka kutokea, siyo unapoogopa kuangukia.

Sasa jiulize, mpiga picha amekaa wapi? Nje ya barabara. Ukimkodolea macho unajielekeza mwenyewe huko huko aliko.

Mwendo unaoruhusiwa pale ni maili 30 kwa saa, kama kilomita 48. Kwa mwendo huo unakula mita 13 kila sekunde. Mtazame mpiga picha sekunde mbili tu, umeshakwenda mita 26 kama kipofu, na kona inayofuata iko mita 56! Baki nayo hiyo hesabu.

Habari njema ni kwamba picha inayopendeza kuliko zote ni ile ambayo mhusika hana habari na kamera. Kichwa kimegeuka, kidevu juu, macho yako mbali kwenye mwisho wa kona. Huyo ndiye anayeonekana mtaalamu. Anayetazama lenzi anaonekana kama anapiga pasipoti.

2. MIKONO INA KAZI YAKE

Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele. Wa kushoto una klachi. Ukipunga mkono katikati ya kona umewaachisha kazi hao wafanyakazi wawili saa ile ile unapowahitaji. Mchanga kidogo tu kwenye lami, jani bichi, au gari limetokea mbele yako, unaanza kuutafuta usukani kwanza ndipo ufikirie breki.

Ukitaka kusalimia, salimia kwenye kipande kilichonyooka kabla ya kona, au tikisa kichwa kidogo. Mpiga picha hana kinyongo, yeye anachotaka ni upite salama ili jioni uwe na mkono wa kulipia.

Kunyanyua tairi la mbele ndiyo kabisa usijaribu. Mbali na kuvunja shingo, umejitengenezea ushahidi mwenyewe: sura ya pikipiki, namba yake, tarehe na saa. Polisi nao wanaifahamu intaneti.

3. BAKI UPANDE WAKO, NA KICHWA CHAKO PIA

Katikati ya barabara ile kuna mistari miwili ya njano. Wengi wanadhani tairi likiwa ndani ya mstari basi mambo safi. Hapana bwana. Pikipiki ikilala, kichwa na mabega yako yanatangulia upande iliolalia. Tairi linaweza kuwa upande wako huku kichwa chako kiko upande wa mwenzio anayekuja. Picha ya mbele inaonyesha jambo hilo wazi wazi, na wengi wanashtuka kulijua baada ya kujiona.

Kwetu tunaoendesha kushoto hapa kuna mtego zaidi. Kona ya hatari kwetu ni ya kulia, kwa sababu mstari wa kati uko kulia kwetu. Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo mambo yanageuka: kona ya kushoto ndiyo inayokipeleka kichwa kwenye mstari. Mtu aliyezoea barabara za Dar akili yake inaweza kumdanganya. Dawa ni moja: ingia konani ukiwa mbali kidogo na mstari wa kati, ili ukilala ubaki na akiba.

4. KAMERA HAIONI MWENDO

Hili vijana wengi hawalijui. Kamera ikifungua na kufunga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kila kitu kinaganda. Uwe na kasi ya kilomita 40 au 90, kwenye picha umesimama tu. Ile picha yenye tairi linalozunguka na miti iliyovutika nyuma ni ufundi wa mpiga picha. Anafungua kamera kwa muda mrefu kidogo huku akiizungusha kukufuata. Wewe hapo huna mchango wowote, endesha zako.

Kitu kinachoonekana ni mlalo. Na mlalo hautaki kichaa, unatoka kwenye ukali wa kona pamoja na mwendo. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 25, ukiipita kwa ile ile kilomita 48 ya halali, inailaza pikipiki kama nyuzi 36 kutoka wima. Hiyo ni picha ya kuweka ukutani! Kona pana ya mita 50 kwa mwendo huo huo inakulaza nyuzi 20 tu.

Ukijitia kiherehere ukaiingia ile ya mita 25 kwa kilomita 60, inakudai zaidi ya nyuzi 48. Hapo pikipiki nyingi za kawaida zimeshaanza kukwaruza vyuma chini. Zile kubwa za kukalia kama sofa, aina ya Harley-Davidson, nyingi zinakwaruza mapema zaidi. Umeongeza kilomita 12 tu, umetoka kwenye picha nzuri umeingia kwenye Mti wa Aibu.

5. MKAO NDIYO PICHA

Hapa ndipo penye mapozi ya halali, yasiyoua mtu. Bana tangi kwa magoti. Legeza mabega. Kunja viwiko kidogo, mikono isikakamae kama mtu anayesukuma mkokoteni wenye matofali. Kanyaga vikanyagio kwa sehemu ya mbele ya unyayo, vidole vya miguu vitazame mbele, visitoke nje kama bata anayekwenda kisimani.

Kosa linaloharibu picha nyingi ni pikipiki kulala upande mmoja na dereva kujivuta upande wa pili kwa woga. Unaonekana kama mnagombana. Lala pamoja na pikipiki yako, au tanguliza kifua kidogo upande wa ndani wa kona. Ukifanya hivyo pikipiki inalala kidogo kuliko ambavyo ingelala, na tairi linabaki na akiba. Mkao unaopendeza na mkao unaookoa ni ule ule.

6. VAA UONEKANE

Barabara ile ina kivuli cha miti karibu mwanzo hadi mwisho. Pikipiki nyeusi, jaketi jeusi, kofia nyeusi na kioo cheusi, hata mpiga picha awe bingwa vipi, atakachopata ni taa inayotembea peke yake. Jioni unajitafuta mpaka macho yanauma.

Vaa rangi: nyekundu, njano, chungwa, hata jeupe. Na siyo kwa ajili ya kamera tu. Utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 uliona kuwa waendesha pikipiki waliovaa nguo za kuakisi mwanga au za rangi kali walikuwa na hatari ya kuumia ajalini iliyo chini kwa asilimia 37 kuliko wasiovaa. Wenye kofia nyeupe, hatari yao ilikuwa chini kwa asilimia 24 kuliko wenye kofia nyeusi. Waliowasha taa mchana, asilimia 27. Kwa hiyo anayekuona mpiga picha ndiye anayekuona dereva wa gari.

Na kofia yenyewe, ndugu yangu, usiitundike kwenye kiwiko eti sura ionekane. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ukitaka sura ionekane, vaa kioo cheupe kinachoonyesha badala ya cheusi. Sura imeonekana, na kichwa kimebaki.

7. ABIRIA NAYE AJUE ZAMU YAKE

Ukiwa umempakia mwandani wako, mwambie mapema, kabla hamjaondoka. Asijisokote kumtafuta mpiga picha. Asipunge mikono yote miwili kama yuko uwanja wa taifa. Achungulie juu ya bega lako la upande wa ndani wa kona: kona ya kulia, bega la kulia, ya kushoto, la kushoto. Hapo mnalala pamoja, na sura zote mbili zinaingia kwenye picha.

Mtandio na khanga vifungwe. Mcheza ngoma maarufu Isadora Duncan alifariki Nice, Ufaransa, mwaka 1927 baada ya skafu yake ndefu kunasa kwenye gurudumu la gari alilopanda. Mnyororo wa pikipiki nao hauchagui kati ya skafu ya hariri na khanga ya mnazi mmoja. Kitambaa kinachopepea kinapendeza pichani, ila kikiingia kwenye mnyororo kinavuta kila kilichofungwa nacho.

8. MSIFUATANE KAMA SIAFU

Mkiwa kundi, acheni nafasi ya sekunde mbili au zaidi kati ya mmoja na mwingine. Mkibanana, wa mbele anapata picha, wa nyuma anapata picha ya mgongo wa mwenzake. Hiyo ni hasara ya kwanza. Hasara ya pili ni kwamba wa mbele akifunga breki, mnalala wote kama dominoes za baraza la kahawa.

Na usimfukuze anayekuzidi uwezo eti msitengane kwenye picha. Kila mtu apite kwa mwendo wake. Mpiga picha haondoki mpaka jioni.

9. SHIKA SAA, SIYO SIMU

Picha zimepangwa kwa saa, kwa hiyo ukimpita mpiga picha jitahidi kukumbuka ilikuwa saa ngapi na bango liliandikwa nini. Lakini usitoe simu huku unakwenda. Subiri usimame sehemu iliyotengwa ya kuegesha, ndipo uandike.

Halafu kumbuka saa za wenzetu si zetu. Ukipita saa tisa alasiri, tafuta kwenye picha za saa 3 mchana kwa hesabu yao. Ukitafuta kwenye saa 9, utawakuta watu wa asubuhi uanze kulalamika kuwa umerukwa. Zingatia pia rangi ya jaketi lako na nani alikuwa mbele yako, maana siku ya jumapili wenye pikipiki kama yako wanaweza kuwa mia.

10. MARA MOJA INATOSHA

Wapo wanaopita, wanageuza, wanarudi, wanageuza tena, ili wapate ile picha yenyewe. Kila wakirudi wanaongeza kasi kidogo, na kila wakirudi wamechoka zaidi. Kona 318 zinachosha mikono, shingo na akili. Kugeuza kwenyewe kwenye barabara isiyo na njia panda, katikati ya kona mbili zisizoonana, ni kucheza kamari na gari linalokuja.

Ukiona picha ya kwanza haikupendeza, si lazima uirudie siku hiyo. Nenda kale, pumzika, pita tena kesho yake asubuhi mwanga ukiwa laini.

NENO KWA WENYE KAMERA ZA MTAANI

Hapa kwetu wapiga picha wa konani wa namna ile hatuna, lakini simu tunazo. Harusi zina misafara, vijiwe vya bodaboda vina mafundi wa kupozi, na kila mtaa una kijana anayemwambia mwenzake "pita tena, nikuchukue vizuri".

Wewe unayesema "pita tena", sikiliza. Pikipiki ikishindwa kukata kona inatoka kwa upande wa nje. Usisimame upande huo hata kama ndiko kwenye sura nzuri. Kaa upande wa ndani, rudi nyuma kutoka ukingo wa lami, na usichuchumae barabarani eti unatafuta engo. Mwenzako akikuona uko salama, hata yeye hatakuwa na sababu ya kukuchungulia. Na ukimwona anaanza kuongeza mafuta kwa ajili yako, shusha simu. Mwambie imejaa, hakuna nafasi. Uongo huo hauna dhambi.

Picha iliyoharibika inapigwa nyingine. Wewe huna nakala. Haya, washa taa, funga kamba ya kofia, macho mbele. Wiki njema!